Pembe Zimelala Njiani

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya kusimulia hadithi, nilikuwa nimeandikwa kubeba pembe za ndovu. Msafara wa Bwana Khamisi bin Dadi ulikuwa unatoka Kabambare kwenda Kasongo. Mimi nilipewa upande wa nyuma wa mzegazega, yaani pembe nzito inayofungwa kwenye mti na kuchukuliwa na watu wawili mabegani. Njia nzima nilimsimulia mwenzangu wa mbele ili nisisikie bega. Tulipotua, mnyapara, mkubwa wa wapagazi, alikuwa amenisikia. Jina lake Hamadi Kibira. Nalitaja wazi, maana wengine wanasema "mnyapara mmoja" kana kwamba mtu yule hakuwa na jina.

"Wewe mwenye mudomo," akaniambia, "kesho utabeba robota la nguo, jepesi. Jioni utawasimulia hawa wapumbavu wasahau kutoroka."

"Na nikikosa hadithi, Bwana Mnyapara?"

"Utakosa posho."

Vijana mnaosoma herufi zangu hizi mbaya, nilizojifunza ukubwani, mjue kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Msimulizi hasemi peke yake. Anachagua muitikiaji, mtu mmoja wa kukaa mbele yake, kujibu "eeh" kwenye kila kituo na kuuliza pale hadithi inapolegea. Muitikiaji akinyamaza, hadithi imekufa, kila mtu anakwenda kulala. Na hadithi tulizoamriwa zilikuwa za harusi, za masultani, za sinia za wali na samli. Miaka mingi nilizisimulia hizo, barabara ileile, kwa watu walioshindia mihogo.

Kisha ukaja msimu tulipokwenda nchi ya Wamaza. Watu wa kule walileta pembe chache kuliko alizotaka Bwana Khamisi. Akachoma maghala yao. Aliyeamuru ni yeye, aliyeshika kijinga cha moto ni Hamadi, na hawakukomea Wamaza, walichoma njia nzima. Basi tuliporudi na mizigo hapakuwa na wa kutuuzia chakula. Vijiji vitupu, majivu, mbwa wasio na wenyewe. Nyuma ya njaa ikaja ndui.

Mke wangu Mwayuma alisafiri nami, kama wake wengi wa wapagazi, kabeba chungu na mkeka. Mtoto wetu Sadi tulimzika ng'ambo ya mto Luama, tukamwekea mawe. Mwayuma akaketi kando ya mawe yale, akakataa chakula, akakataa maji. Msafara ulikuwa unaondoka asubuhi. Asiyesimama anaachwa, na sikuwahi kuonana tena na mtu aliyeachwa.

Jioni ile nikamchagua yeye awe muitikiaji. Nikaanza harusi ya binti sultani. Kimya. Nikaongeza wali, nikaongeza mbuzi. Mwisho akasema, bila kunitazama:

"Baba Sadi, unanichezea?"

Nikaishiwa. Nikasema tu lililokuwa mbele ya macho yangu: "Dunia ikaisha. Watu wakafa wote. Wakabaki wawili, mume na muke, wanapita vijiji vitupu."

Halafu, kwa sauti ndogo, akaitikia: "Eeh."

"Hakuna jogoo, hakuna moshi. Wakapanda mulima kutafuta chakula."

"Mulima wa nini? Mutu mwenye njaa anapanda mulima? Washuke bondeni, magimbi iko kule."

"Wakashuka. Wakachimba magimbi, wakala."

"Mabichi? Yatawawasha koo, wajinga hao! Wachemshe. Chungu wanacho?"

Mpagazi mmoja akadakia: "Mama Sadi, waazime chako!"

"Changu kimepasuka, shemeji. Waokote. Vijiji vitupu havikosi vyungu."

Asubuhi alisimama. Alitaka kujua wale wawili watalala wapi.

Tangu hapo kila jioni watu walisogea, hata wagonjwa. Hakuna aliyetaka harusi tena. Nimeliwaza sana jambo hili, na naona ni hivi: harusi zilikuwa zinatutukana. Hadithi hii haikutuambia tufurahi. Ilianza pale tulipokuwa, kila kitu kimekwisha, halafu ikauliza: kesho mtakula nini? Watu wenye vidonda miguuni waligombana kama majani fulani yanalika.

Tulipokaribia Kasongo, jioni moja nikasema: "Wakakuta pembe zimelala njiani. Kubwa, nyeupe. Bwana mwenyewe amekufa, mnyapara amekufa. Wakafanya nini?"

"Wakaziruka," akajibu Mwayuma.

Kikazuka kicheko ambacho sijapata kukisikia katika msafara. Wengine walicheka mpaka machozi. "Wakaziruka! Mama, sema tena!"

Asubuhi pembe mbili zilikutwa zimelala njiani kweli, waliozibeba hawapo.

Hamadi hakuuliza kitu. Alinipiga kitako cha bunduki, taya likavunjika mahali pawili. "Simulia sasa, wewe mwenye mudomo!" Bwana Khamisi alikuwa kivulini anakula. Akasema tu, "Fanyeni haraka, jua linapanda." Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Jioni hiyo wapagazi walikaa mbali nami kwa woga. Nilifungwa kitambaa kidevuni. Mwayuma akaja, akaketi mahali pa msimulizi.

"Wale wawili wakaamka," akasema polepole. Nikagonga chini kwa kidole, maana sikuweza kuitikia. "Mume kavimba uso kama boga, lakini miguu iko. Wakaenda." Ndivyo alivyonifikisha Kasongo.

Kasongo ile leo ni mahame. Waungwana wa misafara na wazungu waligombania mji mpaka wakaumaliza, na askari wa Bula Matari, serikali ya wazungu, wakabeba kilichobaki. Bwana Khamisi alifia mbioni, sikuuliza kaburi lake. Mimi nalima mpunga. Vijana wanakuja uani kwa Mwayuma kuomba hadithi ile, nao hawajalala njaa hata siku moja. Zamani nilikasirika: mnataka nini kwenye njaa yetu? Siku hizi nawatazama. Kutwa wanasimamiwa na kapita, msimamizi wa serikali, anayepima utomvu wa mpira wanaoleta na kuwapiga ukipungua. Najua sehemu wanayoingojea.

Juzi amekuja Hamadi Kibira. Vita na ndui vimemmalizia watoto wake wote. Akaketi mwisho wa mkeka, mzee, fimbo mkononi.

"Mama Sadi," akasema, "nisimulie ile ya wawili."

Mwayuma aliendelea kupepeta mpunga. "Ile iko na wenyewe," akasema. "Tunga yako. Watoto wako walikufaje? Anzia hapo."

Hamadi akaanza kusema. Mimi nikachukua jembe langu, nikaenda shamba. Mwayuma alibaki kumsikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo sijamsamehe bado.