Wanne Tuliobatizwa Jina Moja

Jina lile nililichagua mimi kwanza. Naliandika hili mapema kwa sababu watu hawajawahi kuniamini, na wale watatu wengine wameshakufa, kwa hiyo hakuna wa kunibishia.

Tulikuwa darasa la ubatizo, vijana wa mteremko mmoja wa Mlima Meru. Serikali ilikuwa ya Waingereza, lakini mchungaji wetu alikuwa Mjerumani mzee aliyerudi baada ya vita vya kwanza. Desturi yake ilikuwa hii: wiki moja kabla ya Pasaka, kila mmoja asimame, ataje jina alilolichagua katika Biblia, naye aliandike daftarini. Nikasimama wa pili. Nikataja. Loo! Wa nne akataja hilohilo, na wa saba, na wa kumi na moja. Mchungaji akavua miwani, akasema Biblia ni nene na majina ni mengi, anayekubali kubadilisha na abadilishe. Tukanyamaza wote wanne. Kwetu mtu akishatamka neno mbele ya rika lake, halimezi tena. Tukabatizwa hivyohivyo, vichwa vinne jina moja.

Wale wangekuwa watu wa kawaida kama mimi, nisingekuwa na neno. Lakini mmoja akawa mwalimu, sifa za shule yake zikafika mpaka Usa River. Wa pili akaenda vita vya pili, akarudi na nishani mbili na koti refu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Wa tatu akafundishwa udresa, akawa anapanda na kushuka mlima na sanduku la dawa, anafunga vidonda na kuchoma sindano. Na mimi? Mimi nilipanda kahawa na migomba. Basi watu wakitaka kututofautisha wakasema Mwalimu, Askari, Dresa, na yule mwingine. Unasikia? Mwingine! Mimi niliyelitaja jina kwanza!

Dresa ndiye niliyemwonea wivu kuliko wote, nasema bila kuficha. Mwalimu alikuwa mkali na Askari alikuwa mlevi, ungeweza kuwasema. Dresa hakuwa na la kusemwa. Kaptula yake imepigwa pasi, baiskeli yake inang'aa, na kila nyumba anayoingia anawekewa maziwa. Mama yangu mzazi akiniita kutoka shambani, majirani walitoka mbio wakidhani dresa anapita. Siku moja jino lilipomuuma, mama huyohuyo aliniambia, "Nenda kamwite mwenzio, yeye anajua kazi." Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula.

Sasa kulikuwa na binti wa mzee mmoja wa juu, karibu na msitu. Alikuwa akiteremka na ndizi kwenda sokoni Ngarenaro, nasi tulikutana njiani mara tatu. Mara ya tatu nilimsaidia kujitwisha mzigo kichwani, akasema asante, akaenda zake. Sikumwambia jina langu, wala hakuuliza. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha. Nikamwomba baba mdogo anipelekee posa.

Baba wa binti hakuwa amebatizwa, alishika mila za wazee, kwa hiyo ilibidi pombe iende, mchungaji asijue. Baba mdogo alibeba kibuyu cha pombe ya ndizi za shamba langu mwenyewe. Na desturi yetu ilijulikana: mzee akishakunywa pombe ya posa, amekubali. Walipofika, mzee akauliza kijana ni nani. Baba mdogo akataja jina langu, kijana wa misheni. Mzee akapiga mapaja kwa furaha. "Yule aliyenitibu mguu! Mbona mmechelewa?" Akanywa, akawapa na ndugu zake wakanywa, kibuyu kikaisha.

Baba mdogo alirudi anacheka peke yake.

"Mbona hukumsahihisha?" nikamwuliza.

"Mwanangu, nyota ya jaha imekuangukia, we unauliza imetoka wapi?"

Nami nikanyamaza. Sisemi nilifanya vizuri. Kwa wiki tatu nililima, nilipalilia, nililala, na ulimi wangu ulikuwa umefungwa kwa hofu. Nikisema, nitamkosa. Nisiposema, nitakuwa nimeoa kwa mguu aliouponya mwingine. Lililonikaba zaidi ni kwamba binti naye alikuwa ameambiwa ni dresa. Huko kwao labda alikuwa anaimba.

Dresa akaja mwenyewe, akaegemeza baiskeli yake kwenye mgomba.

"Ndugu yangu," akasema, "jana sokoni nimepewa hongera na watu watatu. Kumbe nimeposa!"

Nilitaka akasirike, nipate la kumjibu. Akacheka, tena kicheko kizuri, hakina hata chembe ya ubaya. Halafu akasema ndoa itatangazwa kanisani Jumapili, si vizuri mzee asikie huku hajui ukweli. "Nenda kamwambie. Au niende mimi, yule mzee atanisikiliza."

Atanisikiliza! Neno hilo lilinichoma kuliko yote. Mke wangu mwenyewe niombewe na yeye!

"Ng'o!" nikasema. "Hukanyagi kule."

Nikaenda kesho yake asubuhi. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba, amenyoosha mguu wake wenye kovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akachungulia nyuma yangu. "Dresa yuko wapi?"

"Hayupo, baba. Aliyeposa ni mimi. Jina lake ni langu pia, tulibatizwa siku moja."

Akasugua kovu. "Kwa hiyo nimekunywa pombe ya nani?"

"Umekunywa pombe yangu. Ndizi ni za shamba langu."

Akamwita binti yake. Akaja kutoka nyuma ya zizi, amebeba majani ya ng'ombe kichwani. Mzee akamwambia, "Mwenye pombe ni huyu. Si yule wa dawa." Binti akatua mzigo, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Nilimwomba Mungu binti aseme, namjua huyu, ndiye aliyenisaidia njiani. Nilikuwa tayari kufa kwa sentensi hiyo moja.

"Si imeshanywewa, baba?" akasema. Akajitwisha majani yake peke yake, akarudi zizini.

Jumapili ikatangazwa, tukaoana. Alikuwa mke mwema, asije mtu akasema nalalamika. Tulizaa, tulichuma kahawa, tulijenga nyumba ya bati. Lakini dresa alipokuja kutibu watoto, mke wangu alifuta kigoda kwa kitenge chake na kutoa kikombe cha udongo chenye maua. Mimi nilinyweshwa kwa kopo la bati mwaka mzima. Nilikuwa nasimama mlangoni namtazama jinsi anavyomimina chai, kama atajaza zaidi ya alivyonijazia mimi. Mtu mzima, mwenye watoto watano, napima chai!

Nilimwuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachuma kahawa, kila mmoja upande wake wa mstari.

"Mama, lile jambo la pombe. Ungejua mapema kwamba ni mimi, ungekubali?"

Aliendelea kuchuma. Nikadhani hakusikia.

"Ningekaa nikafikiri kwanza," akasema.

"Siku ngapi?"

"Sijui, baba watoto. Hamkunipa nafasi."

Hakusema kwa hasira. Alihamia mbuni uliofuata, nami nikabaki nimeshika tawi. Miaka yote nilikuwa namwonea wivu mwanamume aliyecheka tu na kupanda baiskeli yake, kumbe aliyeibiwa alikuwa mbele yangu, na mwizi ni mimi. Sasa mke wangu amezikwa pale chini ya migomba, na mimi bado namwazia binti yule, akiambiwa ukweli mapema, amekaa siku zake akifikiri, na sijui angeniambia nini.