Siku Mfumo Mpya Ulipofika Kiboko

Juzi simu yangu iliniuliza kama iweke mfumo mpya. Nilibonyeza ndiyo, nikaendelea kukaanga vitunguu, kisha nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Kiboko.

Mama alikuwa karani katika ofisi iliyo kando ya barabara ya Mombasa, na siku hiyo fundi kutoka Nairobi alikuwa analeta mfumo mpya wa kompyuta. Jumapili mhubiri wetu alikuwa ameonya kwamba kompyuta mpya zitawatia watu chapa ya yule mnyama wa kitabu cha Ufunuo, kwenye mkono wa kulia au kwenye paji la uso. Ndiyo maana nilimfuata Mama kazini.

Tulivua viatu mlangoni. Nilidhani tunaingia mahali patakatifu. Sikujua ni kwa sababu ya vumbi. Chumba kilinuka nta ya sakafu na plastiki iliyopata joto. Kila gari lilipopunguza mwendo huko nje, nilichungulia dirishani.

"Mwaitu, usiguse hiyo kitu," nilimwambia, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Wewe nawe. Hiyo ni mashine tu, haina meno," Mama alisema akicheka.

Fundi alifika, akaingiza diski moja baada ya nyingine huku mashine ikikoroma. Mwishowe kioo kiligeuka buluu.

"Mama, hebu bonyeza hapo tuone," fundi alisema.

Mama hakucheka tena. Aliuficha mkono wa kulia ndani ya mfuko wa sweta, akabonyeza kwa wa kushoto.