Maji ya Herufi Nne

Tangu magazeti yawe mengi kama harusi za msimu wa korosho, karani wa bomba la Newala, penseli sikioni, hafungui koki mpaka foleni imjazie chemshabongo. Na maji hukatika saa nne. Juzi kila swali lilitaka kukamilisha neno maji. Ya kunde, ya betri, ya moto: foleni ikajibu kwa kelele. Likabaki moja.

“Maji ya bahari yasiyojaa sana wala kupwa sana. Herufi nne!”

Bahari iko mbali na Newala.

“Mie nalijua,” akasema Mama Faidha, aliyeolewa kutoka Mikindani, pwani, wa mwisho kabisa. “Nijazie ndoo kwanza.”

Foleni nzima ikampisha. Akajaziwa, akajitwika, akafika njia panda ndipo akageuka: “Mafu!”

Vigelegele. Karani akaandika taratibu, akafunga koki, akafunua ukurasa wa pili wa maswali.