Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Asubuhi ile nilitoka Mundika na begi moja, bila kujua ninakokwenda. Bodaboda wa kwanza alikuwa anaelekea Malaba, basi nami nikaelekea Malaba.

Mchana nilikuwa uani kwa mama mmoja, mjane, nikitaka kupanga chumba chake. Alikuwa ameinamia sufuria ya maziwa, anakoroga kama anayetafuta kitu kilichozama.

"Tangu jana ni maji tu," akasema, hata kabla ya salamu. "Na wakwe wanakuja kesho. Kwangu mkwe huanza na mala, maziwa yaliyoganda. Nitawapa nini, soda?"

Shule niliiacha mapema, lakini niliwahi kuosha mitungi kwenye kituo cha maziwa kule Bumala, nikauliza maswali mpaka wakanichoka. Nikamweleza nilichoambiwa: katika mbegu, yaani ile mala ya zamani tunayotia kwenye maziwa mapya, kuna viumbe hai wasioonekana. Wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Ndiyo ule ukali ulimini, na ndiyo inayofanya maziwa yashikane. Hata misuli yetu huitengeneza tukikimbia.

"Kwa hivyo mimi nikikimbia naganda?"

"Mama, ng'ombe wako alidungwa sindano?"

Akaacha kukoroga. Alidungwa juzi, kiwele kilivimba. Daktari alisema maziwa yamwagwe kwanza. "Lakini niliyachemsha sana! Dawa haiishi kwa moto?"

Haikuisha. Dawa iliyomtibu ng'ombe ilikuwa imewamaliza na wale wafanyakazi wetu wadogo.

Aliyamwaga polepole, uso kando. Kisha akaomba mengine kwa jirani, akatia kikombe cha mala alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya uji wake.

"Sasa yanataka joto," nikasema.

"Chumba chako kimepakana na jiko. Yatalala kwako. Yakikataa, wewe utalala na ng'ombe."

"Na yakikubali?"

"Utaketi na wakwe, uwaeleze hizo asidi zako."

Nikaipeleka sufuria chumbani, nikaweka begi chini, nikavua sweta, nikaiviringisha kwenye sufuria. Alasiri nzima alikuwa akibisha hodi kuuliza kama nimestarehe, huku macho yake yakiwa kwenye sufuria. Jua lilipokuwa linashuka akaja na blanketi, akafunua kifuniko, akaonja kwa ncha ya kijiko. Akacheka.

"Yameanza kuuma ulimi."

Nikanyoosha mkono nipokee blanketi. Akanipita, akaliviringisha kwenye sufuria.

"Na mimi, mama?"

"Wewe chukua sweta yako."