Baba Alipotafuta Mtu wa Kumpa Pole

Waimbaji wa baba wamekufa kwa mfululizo, kama watu walioambizana. Wa kwanza alikuwa wa Dar es Salaam, mwenye sauti nyembamba ambayo mama alisema inaweza kupita kwenye tundu la sindano bila kukwaruzwa. Akafuata mama mmoja wa taarabu. Kisha akaondoka Mkongo, na huyo ndiye aliyetumaliza.

Mjue kwanza nyumba yenyewe. Hapa Kibondo, enzi za bugaluu, baba alikuwa na redio kubwa kama beberu. Mkubali mkatae, upepo ukiwa mzuri ilisikika mpaka Kakonko. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na muhogo, na jioni zilifufuka kwa wimbo mmoja na nusu. Suruali ya baba, bugaluu yenyewe, ilikuwa pana kule chini kiasi kwamba kuku angeatamia humo na mwenyewe asijue. Mama naye alikuwa na raizoni, viatu vya kisigino kirefu, na akivivaa ilibidi ainame kuingia kanisani. Walicheza uani, mbele ya jiko, sisi watoto tumeishikilia redio isije ikadondoka mezani kwa mtetemo. Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa yule Mkongo. Gitaa lilianza taratibu kama mtu anayebisha hodi, halafu sebene likafunguka, na kuku wote wakakimbilia migombani. Kilingala chenyewe hakuna aliyekijua. Baba aliimba hivyo hivyo, kwa kujiamini kuliko Wakongo wote.

Mama alifariki mwaka jana, mvua zikianza.

Siku ya mazishi baba alifanya kazi kama kibarua aliyelipwa kabla. Alibeba mabenchi, akapasua kuni, akawagombeza vijana waliofunga turubai. Mtu akimsogelea na mkono wa pole, anapewa shughuli. "Pole baadaye, bwana. Shika upande huo wa meza." Watu wakashika meza. Matanga yakaisha, wageni wakatawanyika, na hakuna aliyekuwa amefanikiwa kumpa pole mfiwa mwenyewe. Tulingoja alie. Maharage yakapandwa, yakavunwa, baba hajalia. Akaanza kukonda mpaka ukimwona kwa mbali unadhani koti linatembea peke yake. Shangazi, dada yake, akanivuta pembeni: "Kilio kikilala ndani ya mwanaume kinageuka jiwe. Mtamzika na huyu." Tangu siku hiyo kila asubuhi nilikwenda kwake kusikiliza kama anakohoa, maana akikohoa ni mzima.

Ndipo redio ikatangaza kifo cha yule mwimbaji wa Dar. Baba akasikiliza, akavaa koti, akafunga maharage kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Msibani."

"Msiba uko Dar es Salaam!"

"Watu wake wako hapa."

Kwetu pole haitupwi hewani. Unaifuata mlangoni, unakaa, unaweka chini ulichobeba, na mtu anaipokea. Baba akatafakari ni nani Kibondo nzima mwenye asili ya Pwani, akampata fundi pikipiki mmoja karibu na stendi. Nilimfuata. Tulimkuta fundi amelala chini ya pikipiki, miguu tu ndiyo inaonekana, na baba akaanza kuipa pole miguu.

"Mzee wangu," fundi akasema akijitokeza na uso mweusi kwa oili, "huyo marehemu mimi simjui hata kwa dawa."

"Wewe si wa Pwani?"

"Pwani ni kubwa, mzee!"

"Na msiba ni mkubwa. Pokea."

Fundi akanitazama mimi, nikamfanyia ishara ya kumsihi. Akajifuta mikono, akapokea maharage kwa mikono miwili, akasema asante, wamepata. Baba akakaa juu ya tairi kwa muda wa heshima, kisha tukaondoka.

Kwa yule wa taarabu alikwenda kwa mke wa bwana shamba, mama wa Kitanga, ambaye alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani, ila akamkaribisha chai. Mji ukapata habari. Vijana wa bodaboda wakimwona na koti wanapaza sauti: "Mzee! Leo tumefiwa na nani?" Na mimi nilicheka, sikatai. Mtu angenisimulia kisa kama hicho cha baba yake ningecheka wiki nzima. Lakini nikifika nyumbani kicheko kinakauka. Nilisoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti nikiwa na kipara, lakini jambo hili halikuhitaji cheti: mtu anayezunguka akitoa pole hakuna atakayemuuliza yeye mwenyewe amefiwa na nani.

Mkongo alipokufa habari ilikuja kwenye simu ya mwanangu. Nikaipeleka kwa baba kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akaendelea kupukuchua gunzi lile lile, halina punje hata moja.

"Kesho tunakwenda Kasulu," akasema.

Kasulu yupo dada yangu, na jirani ya dada yupo mama mmoja Mkongo, mshonaji. Alikuja na vita akiwa msichana, akaolewa hapa, na sasa ni mwenzetu kabisa. Nikampigia dada kumwonya.

"Mlete," dada akasema. "Mlete tu, kaka. Labda huku hilo jiwe litalainika."

Tukapanda basi. Barabara siku hizi ni lami, hatufiki tena wekundu kama matofali ya kuchoma. Baba alipakata mfuko wa maharage na dumu dogo la mawese njia nzima, hakutaka viwekwe juu.

Yule mama alikuwa barazani kwake, anashona sare za kwaya. Dada akatutambulisha. Baba akaketi, akaweka vitu chini, akavua kofia, akatoa hotuba ya msiba kwa ukamilifu wake: kwamba tumesikia, kwamba tumeumia, kwamba marehemu alikuwa wa kwao lakini pia alikuwa wa kwetu.

Mama yule akasimamisha cherehani.

"Ah, baba. Miye niko mulokole. Ile miziki ya dunia siisikilizake. Hata sura yake siijue."

Nikamwona baba anahangaika. Hii ilikuwa pole ya mwisho, na mlango wake ulikuwa unafungwa.

"Hata kama hukumsikiliza," akasema. "Ni ndugu yako."

"Ni ndugu, ndiyo. Sikatae." Akamtazama vizuri sasa, kutoka kofia mpaka viatu. "Lakini umetoka Kibondo na mafuta, na maharage, na koti, juu ya mutu wa guitare? Weye ulikuwa unamupenda hivyo?"

"Nilimpenda. Tulimpenda wote."

"Wewe na nani?"

"Na mama yao." Akatuonyesha kwa kidevu. "Ulikuwa wimbo wake."

"Na mama yao ako wapi? Mbona hakukuya?"

Tulikuwa na jibu tayari, mimi na dada. Mwaka mzima tulikuwa tunamjibia baba swali hilo, sokoni, kanisani, kwa wageni, haraka haraka kabla halijamfikia. Nikafungua mdomo. Dada akanibana mkono mpaka kucha zikaingia.

Baba alitazama chini. Cherehani, uzi, vipande vya vitambaa. Hapakuwa na benchi la kubeba wala kuni za kupasua.

"Amekufa," akasema.

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Lilitoka kama neno la lugha ngeni.

Mama yule akaitoa sare mapajani, akaja akapiga magoti sakafuni mbele yake, akaishika mikono yake yote miwili. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Pole, baba. Pole sana. Pole sana, baba yangu."

Mtu akipewa pole hujibu kwamba ameshapoa, hata kama moyo unawaka, ndiyo adabu. Baba alitaka kujibu hivyo, niliona midomo inajipanga.

"Sijapoa," akasema.

Na akalia. Alilia kwa sauti mbaya, ya mtu asiye na mazoezi, mabega yanaruka, kamasi zinashuka, na yule mama hakumwachia mikono ajifute. Dada aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Mimi nililia mpaka nadhani mto Malagarasi uliongezeka kina siku ile, na hapo ninapunguza. Majirani wakachungulia, wakaona ni msiba, wakaingia mmoja mmoja kutoa pole, bila kujua nani kafa. Baba akazipokea zote. Kila mkono. Nilimwona akiketi tu, akipokea.

Baadaye, chai ikiwa imepoa kwenye vikombe, akaniuliza kama wimbo ule umo kwenye simu. Nikamwambia umo, nikamtazama mwenye nyumba, maana hapo palikuwa kwa mlokole.

"Weka," mama yule akasema. "Mungu ni muzazi, ataelewa."

Nikaweka. Kasimu kenyewe kalikuwa na sauti ya nzi ndani ya chupa. Gitaa likabisha hodi, mwimbaji akaingia, sauti yake ya ujana, mzima kabisa. Baba alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Sebene lilipofunguka akaninyooshea kidole ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema kitu.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo mama yenu alipokuwa ananikanyaga."

Akausogeza mguu wake wa kushoto mbele kidogo, akauacha hapo.