Walivyonililia Mpemba Nikiwa Mzima

Nilianguka kutoka kwenye lori nikishusha mchele wangu wa Kamsamba, nikaenda kupigwa picha ya mbavu. Mbavu zilikuwa nzima. Ila kwenye pafu la kulia kulionekana kidoa, nikatumwa Mbeya kwa vipimo vikubwa, wakanyofoa kinyama wakakipima. Ilikuwa kansa.

"Una bahati, mama," daktari akaniambia. "Bado ndogo, haijasambaa. Tukikitoa kipande hicho cha pafu sasa, unaweza kupona kabisa."

"Pumzi itabaki?"

"Ya kugombana na watu itabaki."

Nikamwambia hiyo inanitosha. Kosa langu lilikuwa kulitaja neno kansa nilipofika nyumbani Mpemba. Kesho yake asubuhi uwanja ulijaa mikeka. Wanaume wakawasha moto wa magogo, akina mama wakaleta maharage, wakapika mchele wangu, na mimi marehemu ndiye niliyeulizwa chumvi iko wapi. Kwetu msiba hauchelewewi, ila safari hii walikuwa wamewahi mno.

Kaka yangu mkubwa aliendesha kikao, sigara mkononi, akikatizwa na kikohozi anachokiita vumbi la kahawa ya shambani kwake. Alisema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, kwa hiyo nisubiri kwanza iume. Nikifa nizikwe Itaka, pembeni ya mama. Wazee wakaafiki.

"Kaka, mbona mimi sijavuta hata sigara moja?"

"Ndiyo maana pafu lako halina uzoefu, mdogo wangu."

Watu wakacheka. Mimi niliogopa, nisiseme uongo, maana kila siku ya kikao ilikuwa siku ya kidoa kukua. Siku ya tatu nikavaa kitenge changu kizuri, nikawaaga waombolezaji, nikawaomba wasiunguze wali, nikapanda basi la Mbeya.

Walinikata. Nikarudi na kovu ubavuni, pumzi fupi kwenye mlima na mdomo uleule. Kila nikirudi kupimwa, naambiwa ni safi. Jirani mmoja bado ananisalimia kama mtu niliyemdhulumu pilau.

Jioni moja kaka alikuja, hakuwasha sigara. Akaomba nimuonyeshe mwisho wa kovu.

"Mdogo wangu, kabla hawajakukata, ulikuwa unaumwa wapi?"

"Sikuumwa popote, kaka. Ndiyo maana waliniwahi."

Akaweka kiganja kifuani.

"Mimi hapa pananiuma tangu mavuno ya mwaka juzi," akasema.

Nikainuka kumtafutia begi la safari.