Pale Mkono Unaporuka

Wenzake kazini walimwita Wembe, jina la ajabu kwa mtu mpole vile ambaye hata paka wa jirani alimdharau. Ni mume wa marehemu dada yangu, kwa hiyo mimi namwita shemeji. Alifanya kazi miaka mingi kwenye studio ya kurekodi muziki, enzi zile sauti zilipokuwa zikinaswa kwenye utepe mwembamba wa kahawia. Mpiga piano akikosea, hakuna aliyelia. Alirudia, kisha shemeji akakata kwa wembe palipoharibika, akaunga palipotoka vizuri, na msikilizaji asijue lolote. Mimi ni fundi cherehani, naujua utamu wa mshono usioonekana. Ila nguo nikiiunga mimi, angalau kuna mtu anaweza kuivaa.

Kazi iliyompa sifa mle studio ilikuwa santuri moja ya mpiga piano mashuhuri, mzee ambaye sasa yuko mavumbini. Karibu na mwisho kuna mahali mkono wa kulia unatoka kwenye sauti nene kabisa, unaruka hadi zile nyembamba za mwisho wa kinanda, unarudi, unaruka tena, kwa kasi ya kutisha. Kwenye santuri ile hakuna hata upenyo wa kupumua. Wageni wakija nyumbani kwake walisikilizishwa kabla hawajapewa chai, na wengine waliapa kwamba mzee yule alikuwa na mikono mitatu. Shemeji alitabasamu na kutazama sakafu. Mimi nikadhani ni unyenyekevu.

Dada alipofariki nilihamia kwao kumlea binti yao. Mtoto yule aliijua santuri ile kabla hajajua kufunga viatu, na alikuwa akiipiga kwa vidole juu ya meza ya chakula huku ugali wake ukipoa. Alipokua akawa mpiga piano kweli, si wa kubahatisha. Mwaka huu alichaguliwa kuingia mashindano ya vijana, ambayo mshindi wake hupelekwa kusomea muziki ng'ambo. Akaulizwa atapiga nini? Kipande kile kile cha kwenye santuri.

Basi kila mchana sebule yetu ikawa kiwanda. Anaweka santuri, anasikiliza, anapiga, anakunja uso. "Bado nachelewa, mama mdogo," ananiambia. Anarudia. Nilianza kuiogopa piano ile, sijui kwa nini, nikawa naipita kwa mbali kama mbwa asiyejulikana iwapo ana kichaa au hana.

Kwanza nilimwona anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kisha kijiko kikaanza kumponyoka. "Mkono umelala tu," akasema. Halafu nikamkuta jikoni, kidole chake kidogo cha kulia kimejikunja hadi kwenye kiganja, naye anakifungua kwa mkono mwingine kama droo iliyokwama.

"Usimwambie baba," akanisihi.

"Mficha maradhi, kifo humfichua," nikamjibu, nikamburuta hadi kwa daktari. Daktari alisema apumzike, la sivyo mkono ule hautafunga hata kifungo cha shati. Alipumzika, eeh, tangu hospitali mpaka mlangoni kwetu.

Nilikwenda kumshtaki kwa baba yake, aliyekuwa amekaa nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la sebule. Muziki ulikuwa unatoka. Kila binti alipofika pale pa kuruka, shemeji alifumba macho na kushtuka, kama mtu anayechomwa sindano.

"Shemeji, una nini?"

"Hatafika," akasema taratibu.

"Nani hatafika?"

"Mtoto. Hakuna mkono unaofika pale."

Akanieleza. Yule mzee alipiga vizuri, lakini mkono ukiwa hewani unahitaji muda wa kusafiri, hata uwe mdogo kiasi gani. Bosi wa studio akasema unasikika kama kwikwi. Basi Wembe akaukata ule muda kila mkono uliporuka, akaunganisha sauti na sauti.

"Nilitoa hewa tu, shemeji. Hewa tupu."

"Na umekaa hapa unamsikiliza anavunjika!"

"Kazi yetu hatusemi tulipounga. Mtama haumwagwi penye kuku wengi."

"Kuku gani? Huyu ni mwanao!"

Alitazama chini. "Nikimwambia, ataniangaliaje? Katika vyote nilivyofanya duniani, anachokipenda ni hicho kimoja."

Hasira ilinipanda, na huruma nayo ikaja juu yake, nikashindwa nishike ipi. Nikamshika mkono yeye, nikamwinua. "Twende ukamwambie sasa hivi."

Tuliingia. Shemeji aliinua sindano ya santuri. Akamweleza bintiye yote, akionyesha kwa kidole kwenye kiganja chake jinsi wembe ulivyopita. Nilisimama mlangoni nikingoja kilio, matusi, hata kitu kurushwa. Ningevipokea vyote kwa shukrani.

"Kila anaporuka?" binti akauliza.

"Kila anaporuka."

"Kwa hiyo na yeye hakuweza."

"Hakuweza, mwanangu. Hakuna binadamu aliyewahi kuweza."

Niliona mabega yake yakishuka, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikasema hilo limekwisha, Jumatatu tunarudi kwa daktari, hata mashindano yakipita na yapite. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kuchemsha maji.

Nilimsikia akicheka kidogo, nikageuka tena. Alikuwa amekishika kile kidole kwa mkono wa kushoto, anakinyoosha polepole, uso umejikunja kwa maumivu na macho yanang'aa. Akakilaza juu ya kinanda.

"Basi nitakuwa wa kwanza," akasema. "Baba, rudisha sindano."

Nilimtazama shemeji. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini usoni mwake kulikuwa na kitu kingine pia, na kitu hicho kilikuwa fahari. Nikasema, "Shemeji, usithubutu."

Akairudisha.